Bomba la Moshi la Inchi Ngapi kwa Pikapu ya Kale?

Kijana mmoja wa Mbeya ameniandikia, baada ya shikamoo, kwamba amenunua pikapu ya Land Cruiser FJ45 yenye injini ya 2F, kwamba bomba lake la moshi limeoza, na kwamba fundi anamshauri afunge la inchi 3 ili injini ipate kupumua. Ujumbe wake umenikuta nikiwa na furaha, kwa kuwa pikapu yangu ya aina hiyohiyo imetoka kupanda Kitonga ikiwa na mifuko ya saruji nyuma, sehemu kubwa ya mlima nikiwa katika gia ya tatu, huku malori yakitambaa pembeni. Nitamjibu kwa urefu, maana swali lake liliwahi kuninyima usingizi.

Pikapu yangu niliinunua ikiwa tayari imefungwa bomba la inchi 3 kutoka kwenye manifoldi, yaani kipande kinachokusanya moshi wa silinda zote, hadi nyuma. Ilinguruma kiasi kwamba watoto wa mtaani waliitambua kabla haijakata kona, lakini mlimani ilikuwa nzito, na kila nilipobeba mzigo nililazimika kurudi gia ya pili mapema mno. Karakana moja niliyoipelekea, ambayo sitaitaja, iliniambia ringi za pistoni zimekwisha na injini ifumuliwe. Nilipouliza kama tatizo laweza kuwa bomba, walinicheka mbele ya wateja wengine, na mmoja wao akasema bomba pana halijawahi kumdhuru mtu. Kicheko kile ninakikumbuka hadi leo, na ndicho kilichonifanya nilisome jambo hili kwa bidii. Fundi mwingine alipima mgandamizo wa silinda zote sita, akakuta ziko sawa na hazijachoka. Ndipo tukaingia chini ya gari.

Penye kona inayopanda juu ya ekseli ya nyuma, bomba lilikuwa limekunjwa kwa nguvu bila kujazwa mchanga, likabonyea na kuingia ndani. Tulipolikata, kidole changu cha shahada kilipenya, lakini gumba lilikwama. Gari lile lilikuwa na kasoro mbili zinazopingana: bomba pana kupita kiasi kwa sehemu yote iliyobaki, na koo lililozibwa mahali pamoja. Tulifunga la inchi mbili na robo, kona zake zikikunjwa kwa kujazwa mchanga mkavu na kupashwa moto, na gari likabadilika mwenendo siku hiyohiyo.

Sababu yake ni kwamba moshi hautoki mfululizo kama maji ya mferejini, bali kwa mapigo, kila silinda ikitema kwa zamu yake. Pigo linaloondoka kwa kasi huacha nyuma yake upungufu wa mgandamizo, ambao husaidia kuvuta mabaki ya silinda inayofuata. Bomba likiwa pana mno, kasi hushuka, moshi hupoa kabla haujafika nyuma, na msaada ule hupungua katika mizunguko ya chini, ambako ndiko gari la mzigo linakofanyia kazi. Husemwa mara nyingi kwamba injini huhitaji kuzuiwa kidogo ili iwe na nguvu. Si kweli. Hakuna injini ya aina hii inayonufaika kwa kuzuiwa moshi wake. Inachohitaji ni kasi ya moshi, na kazi yetu ni kutafuta bomba jembamba kadiri inavyowezekana ambalo bado halizuii.

Injini ya 2F ina ujazo wa lita 4.2 na hufikia kilele chake, takriban nguvu za farasi 135, kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika, ilhali uwezo wake wa kuvuta mzigo ni mkubwa zaidi kwenye mizunguko 1,800 tu. Kwa kuwa kila silinda hujaza hewa mara moja katika mizunguko miwili, injini hiyo ikikamuliwa hadi kilele hicho haipitishi zaidi ya lita 7,600 hivi za hewa kwa dakika, na kwa kweli hupitisha pungufu ya hapo. Kwa kiasi hicho, inchi 2 hadi mbili na robo zinatosha kabisa. La inchi 3 lina eneo la tundu mara mbili na robo ya lile la inchi 2, jambo ambalo wengi hawalioni kwa sababu kwa macho tofauti ni inchi moja tu. Mwenye Land Rover Series III ya petroli, ambayo injini yake ni ya sentimita za ujazo 2,286 na nguvu za farasi zipatazo 70, asivuke inchi 2. Mwenye dizeli yenye turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa injini, ana hesabu nyingine, kwani baada ya turbo bomba pana ni faida tupu.

Vijana wangu, acheni kuchagua bomba kwa masikio. Mngurumo ni sauti, na haupandishi saruji mlimani. Anayekushauri inchi 3 muulize injini yako ina ujazo gani na inazunguka kiasi gani; akishindwa kujibu, ondoka hata kama ni rafiki yako. Pima kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana, kipenyo cha ndani, kwa sababu mabomba huuzwa kwa kipenyo cha nje, na usisahau mdomo wa sailensa, ambao mara nyingi ni mwembamba kuliko bomba lenyewe. Usikubali bomba la maji lenye zinki: ni zito, na mvuke wa zinki wakati wa kuchomelea humdhuru fundi.

Baada ya safari ya kwanza ndefu, fungua plagi. Zikiwa nyeupe, injini inapata petroli kidogo kuliko hewa, na kabureta irekebishwe kabla hujabeba mzigo, kwa kuwa valvu huungua kimyakimya. Rangi inayotakiwa ni kahawia hafifu, sawasawa katika plagi zote sita.