Kimnara chekundu chini ya daraja

SWALI: Shikamoo mhariri. Dada yangu yuko Marekani, kanitumia picha ya daraja moja kubwa sana New York, chini yake kabisa pembeni ya maji kuna kimnara chekundu cha taa kama hivi vya kuongozea meli, ila anasema pale ni mto sio bahari. Sasa mtoni mnara wa taa wa nini? Halafu nani anajenga taa chini ya daraja? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Mnara ndo ulitangulia, ulisimikwa hapo 1921, daraja la George Washington likafunguliwa 1931. Na huo mto Hudson maji yake yanajaa na kupwa kama hapo kwenu Tanga, tena mpaka mji wa Troy, zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini, kwahiyo vyombo vya mizigo vilikuwa vinapanda na kushuka usiku na mchana, na pale uliposimama mnara, panaitwa Jeffrey's Hook, kuna ulimi wa mwamba umeingia majini, ukungu ukishuka nahodha haoni kitu. Zamani walikuwa wanatundika taa kwenye nguzo tu, baadae ndo wakaleta mnara na kengele ya ukungu.

Nasema wakaleta kwa sababu haukujengwa pale. Ulijengwa 1880 Sandy Hook, New Jersey, kule mto unakoelekea baharini. Ni mabamba ya chuma yamefungwa kwa boliti, mita 12 tu kwenda juu, wakafungua, wakahamisha, wakafunga upya.

Basi daraja lilipokuja na mataa yake mnara ukakosa kazi, 1948 wakauzima, 1951 walinzi wa pwani wakataka kuupiga mnada. Hapo ndo napapenda mimi, maana waliopiga kelele ni watoto! 1942 kilitoka kitabu cha hadithi, kimnara kinadhani daraja limekinyang'anya kazi, daraja lenyewe linakiambia hapana, bado wewe ndo mkubwa wa mto. Watoto walikuwa wamelala na hiyo hadithi miaka yote, wakaandika barua, wakubwa nao wakaingia, na Julai 1951 mnara ukakabidhiwa idara ya bustani za jiji. Taa ikawashwa tena 2002.

Mwambie dada ashuke mpaka bustani ya Fort Washington, asimame mlangoni pa kimnara halafu ainue macho, minara ya lile daraja ina mita 184.