Filamu yetu ya kisasi inapoa katikati: tukate wapi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Tumemaliza kushuti filamu ya kisasi hapa Moshi. Fundi gereji wa Kiboriloni anawasaka waliomuua mdogo wake. Ina dakika 98 na sini 74. Orodha ya sini na maelezo yake nimeambatanisha. Tuliwaonyesha watu 12. Mwanzo walitulia, mwisho wakashangilia, ila katikati wakaanza kuchezea simu. Fedha iliyobaki inatosha siku moja tu ya kushuti. Tukate wapi, tuongeze nini?
Mwandaaji, Moshi

JIBU: Mwanzo wenu usiguswe. Kifo kinakuja dakika ya 9, mapema inavyotakiwa, na ile sini ya 12, fundi anamimina chai vikombe viwili kisha chai ya kimoja anairudisha kwenye chupa, inabeba msiba wote bila neno. Nguvu ya pili ni silaha. Stelingi wenu hana bastola. Ana spana na mtalimbo, vitu vya kazi yake. Hakuna mtazamaji atakayeuliza kavitoa wapi.

Ugonjwa uko kati ya dakika ya 38 na ya 67. Hapo watu watano wanauawa kwa mtindo uleule: anamvizia, wanapigana, anauliza "nani aliwatuma?", anatajiwa jina, anaua, anahamia kwa mwenye jina. Akishakufa wa pili, mtazamaji ameijua ngazi yote na anasubiri tu mfike juu. Kuongeza damu hakutamrudisha. Picha ya kisasi huwashika watu pale ambapo kila hatua inamgharimu mlipa kisasi kitu asichoweza kukirudisha: mwili wake, rafiki yake, au imani aliyokuwa nayo kwa marehemu.

Chukueni kadi 74, moja kwa kila sini. Andikeni mistari mitatu: anataka nini, amejua nini kipya, kimemgharimu nini. Kadi ambayo mstari wa pili na wa tatu ni mitupu, sini hiyo inatoka. Mauaji yenu yako kwenye sini za 30, 34, 38, 43 na 49. Kwa ninavyoiona orodha, za 34 na 43 hazina cha kuandika. Ziondoeni zote mbili.

Mkizitoa, mnyororo wa majina utakatika sehemu mbili, na hapo ndipo kazi ilipo. Mwisho wa sini ya 30 rekodini upya lile jina, litajwe la mtu wa sini ya 38, huku picha ikiwa juu ya uso wa stelingi anayesikiliza. Mdomo wa msemaji usionekane. Rekodini chumba kilekile kama kinapatikana, na mchukue sekunde 60 za ukimya wa chumba hicho mziweke chini ya sauti mpya. Bila hizo, jina litasikika kama limebandikwa.

Pengo la pili lizibwe na ile siku yenu moja. Adui mkuu anaonekana kwa mara ya kwanza dakika ya 70, na huo ndio udhaifu mkubwa kuliko yote. Mtu hawezi kutamani anguko la asiyemjua. Mna sini ya maziko kihambani, kwenye shamba la ukoo, dakika ya 13. Pale ongezeni meza ya rambirambi: mkono wa adui unaandika kwenye daftari jina na kiasi, 70,000, na ile saba ina kistari katikati. Sekunde 6 zinatosha. Kisha, mahali ilipokuwa sini ya 43, fundi anakunjua karatasi aliyoitoa mfukoni mwa mtu wa sini ya 38, imeandikwa 700,000. Analeta daftari, anaweka karatasi pembeni. Saba ileile. Huyo aliyewapa pole ndiye aliyelipa. Hakuna ngumi hapo, lakini hakuna atakayegusa simu.

Shutini karibu sana: mkono, kalamu, kitambaa cha meza, kivuli cha jani la mgomba. Msipanue picha. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa wazi kwenye picha za zamani na imefunikwa mawingu siku hiyo, mtaumbuka. Mkono uwe wa mwigizaji mwenyewe, na saa ileile anayoivaa mwishoni.

Halafu kuna hazina mmeizika. Dakika ya 81 jirani anasema mdogo mtu alikuwa amepokea fedha za wauaji. Ihamisheni ikae mara baada ya sini ya 38. Maneno ya fundi kwenye sini ya 46, "mdogo wangu hakuwa na kosa", msiyakate. Sasa yatakuwa ya mtu anayejidanganya, na mauaji ya sini ya 49 yatauma. Zile kumbukumbu saba za mdogo zibaki tatu, kila moja ionyeshe kipande kipya.

Jeraha nalo. Panga linamkata mkono kwenye sini ya 38, lakini sini ya 41 anainua giaboksi kwa mikono miwili. Sini ya 41 itangulie ya 38, imekwisha. Panapobaki mkono usio na bendeji, kuzeni picha hadi mkono utoke nje ya fremu. Kama mlishuti 4K na mnatoa HD, yenye nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha ya 4K, mnaweza kukuza mara mbili bila kupoteza ukali.

Muziki kwenye mapigano uondoeni wote kwanza. Wekeni pumzi, changarawe, chuma kikigonga bati. Tazameni pigano la kwenye korido katika Oldboy ya mwaka 2003, ya Park Chan-wook: kamera inatembea ubavuni bila mkato, stelingi ana nyundo mkononi na kisu mgongoni, anahema, anaanguka, anainuka. Uchovu wake ndio unaotisha.

Hotuba ya adui mwishoni, dakika 3, punguzeni hadi sekunde 40.

Mkimaliza, waonyesheni watu wengine, si wale 12. Kaeni nyuma yao na muandike dakika ambayo simu ya kwanza inawaka. Rudini kwenye kadi ya dakika hiyo.