Redio ya Gari Ikikataa Flashi, Usikimbilie Kulipa

Juzi dada mmoja wa Mafinga aliniandikia. Kanunua flashi ya GB 64, kaijaza kwaya, kachomeka kwenye gari, redio inaandika NO DEVICE, yaani haioni kifaa. Fundi kamwambia redio imekufa, atafute 150,000. Nilisoma ujumbe ule mara mbili, roho ikaniuma, kwa sababu hela ya namna hiyo mimi nilishaitoa.

Dada, usilipe kwanza.

Mwaka juzi mwezi wa nane nilikuwa naipeleka familia Njombe kwenye sendofu. Tulitoka Uyole alfajiri, ile baridi mnaijua, watu saba ndani ya Noah. Magari yetu haya yametengenezwa kwa soko la Japani, FM zake nyingi zinaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za kwetu hazishiki. Flashi ndiyo tegemeo. Usiku kucha nilikuwa naingiza nyimbo, za wazee peke yake, za watoto peke yake.

Tulipofika Chimala nikachomeka. Taa yake ndogo ya bluu ikawaka mara tatu, ikazima. Redio ikaandika READING, halafu NO DEVICE. Nikachomoa, nikapuliza, nikarudisha. Vilevile. Mpaka Makambako tukawa tunasikiliza matairi. Shemeji yangu mmoja akasema kwa sauti, "Ungesema mapema tupande basi." Watu wakacheka. Lile neno bado ninalo.

Niliporudi Mbeya nikaenda kwa fundi mmoja, simtaji. Hakuuliza kama nina flashi nyingine. Alifungua dashibodi, akasema redio imechoka, nikalipa 180,000 nikafungiwa mpya. Nikachomeka flashi ileile. NO DEVICE! Akaniambia flashi ni feki, akaenda kwa mteja mwingine. Redio yangu ya zamani ilibaki kwake.

Aliyeniokoa ni binti wa stesheneri nilikokwenda kutoa kopi. Alichomeka flashi kwenye kompyuta, akaangalia sifa zake, akasema, "Baba, flashi yako nzima. Imefomatiwa exFAT. Redio nyingi za gari zinataka FAT32." Basi. Hizo ni namna mbili za kupanga mafaili ndani ya flashi. Flashi za GB 64 kwenda juu kwa kawaida zinatoka kiwandani na exFAT, na kompyuta yake ilipofomati haikutoa hata chaguo la FAT32, kwa sababu Windows kwa miaka mingi ilikuwa inafomati FAT32 mwisho GB 32. Akanihamishia nyimbo kwenye flashi ya GB 16 yenye FAT32. Redio ikaimba.

Ila nyimbo nyingine zilirukwa. Hizo zilikuwa faili za aina ya M4A, nilizipakua kwa simu, na redio yangu inasoma MP3 na WMA tu. Akazigeuza kuwa MP3. Kazi yote nililipa 2,000.

Kwa hiyo ndugu zangu, jaribu flashi nyingine kabla ya kumwita mtu yeyote. Chukua flashi yako uipeleke kwenye gari la jirani, na ya jirani uilete kwako. Ukifomati, nyimbo zitoe kwanza, maana kufomati kunafuta kila kitu. Angalia pia tundu lenyewe, magari mengine yana tundu la kuchajia simu tu, hapo hata ufomati mara kumi haitasoma. Nyimbo zikija ovyoovyo usiilaumu redio: nyingi zinafuata mpangilio ulivyozinakili, hazifuati alfabeti. Mimi sasa nanakili folda moja moja kwa zamu.

Vijana wenzangu mnaoendesha, mnaotaka gari liwe la heshima, jifunzeni vitu hivi. Mtu akitaka kukufungulia dashibodi, mwambie ajaribu kwanza flashi nyingine mbele yako. Akikataa, washa gari uondoke. Hela ya mahindi haitoki kirahisi hivyo, na kutojua kwako ndiko anakokulia mwenzako.

Dada wa Mafinga, leo jioni azima flashi ya GB 8 au 16, ifomati FAT32, weka nyimbo kumi tu za MP3, bila folda. Chomeka ukiwa umewasha gari, usubiri dakika nzima. Ikikataa, niandikie neno linalotokea kwenye kioo cha redio, herufi kwa herufi.