Mkutano wa kwanza niliuchukia

Juzi usiku dada mmoja kanitumia meseji, anasema kaka nimeenda kwenye hicho kikundi cha kuacha pombe unachokisifia kila siku, nimekaa saa nzima nasikiliza watu wanalia, nimetoka hapo nimepitiliza baa. Sasa nifanyeje? Nikacheka. Samahani dada, sikukucheka wewe, nilijicheka mwenyewe, maana mimi mkutano wangu wa kwanza nilikunywa kabla hata ya kuingia.

Ilikuwa hivi. Nilitafuta kikundi kwenye simu saa nane usiku nikiwa chakari, asubuhi nikaamka nakuta ukurasa bado uko wazi na namba inaniangalia. Nikapiga. Aliyepokea hakuniuliza nakunywa kiasi gani wala nafanya kazi gani, aliniuliza tu, "Unataka kuacha?" Nikamwambia nadhani. Akasema hiyo inatosha, njoo. Baadaye ndo nikajua kwamba kwenye AA, yaani Alcoholics Anonymous, hilo ndilo sharti peke yake, uwe na nia ya kuacha kunywa, basi. Hakuna fomu, hakuna ada, kinapitishwa kikapu mwenye chochote anaweka na asiye nacho anampasia jirani. Jina unataja la kwanza tu. Na waliokianzisha kule Marekani mwaka 1935 walikuwa walevi wawili, mmoja mtu wa soko la hisa na mwingine daktari wa upasuaji, kwa hiyo wale mnaosema ulevi ni wa watu wasiosoma mtafute stori nyingine.

Basi siku yenyewe nikapiga mbili za kuzimua, nikatafuna peremende, nikakaa kiti cha mlangoni kabisa. Mikono inatetemeka. Kulikuwa na mzee anagawa chai, wote anawajazia vikombe, alipofika kwangu akaweka nusu halafu akapita. Nusu! Nikajua tayari ameshanusa, ameniona mimi wa kupewa nusu. Sikusikia tena kitu kilichosemwa mle ndani, nilikuwa na hasira na kile kikombe tu, na mkutano ulipoisha nikachomoka kama mwizi.

Nikaenda kumsimulia rafiki yangu tuliyekuwa tunakunywa wote. Alicheka mpaka akashika meza, akaniambia wewe sio mlevi bwana, walevi wanalala mtaroni. Ile kauli ilinichelewesha miezi mitano, na najua atasoma hapa, na asome. Hiyo miezi siisimulii, aliye humo anaijua.

Niliporudi nilirudi kwa kuzunguka. Kikundi cha pili walibishana nusu saa kuhusu funguo za ukumbi. Cha tatu hakikuwa na mambo ya zile hatua kumi na mbili za AA wala sala, ni mazoezi ya kuchunguza mawazo yako pale hamu inapokuja, ule mtindo wa SMART Recovery, na ukweli nilikipenda, ila kilikutana asubuhi na mimi asubuhi sikuwahi kuwa na shida, shida yangu inaanza jua likizama. Kwa hiyo nikarudi kulekule kwa kwanza kwa sababu moja tu, walikutana jioni. Yaani sikilizeni hapa, usichague kikundi kwa uzuri wa maneno yao, chagua kinachokaa saa ile ile ambayo koo lako linaanza kuwasha.

Yule mzee akanipa nusu tena. Safari hii nikabaki, nikamsaidia kupanga viti, nikamuuliza mzee wangu, mbona mimi nusu? Akanyoosha mikono yake mbele yangu, imetulia kabisa, akasema zamani mikono yangu ilikuwa kama yako, siku ya kwanza walinijazia kikombe nikamwagia watu wote, sikurudi mwaka mzima.

Nilikaa chini.

Ndo maana nasema msikimbie mkutano ukiisha. Mimi yaliyonisaidia mengi niliyapata wakati wa kukunja viti, pale ndo watu wanapeana namba za simu, pale ndo nilimpata mtu wa kumpigia saa tano usiku nikiwa nimesimama nje ya baa, wenyewe wanamwita sponsa. Nenda mara nne, tano. Ukikichukia kikundi jaribu kingine. Na kama unaogopa, uliza kama mkutano ni wa wazi, maana ile ya wazi hata asiye mlevi anaruhusiwa kukaa asikilize, ile iliyofungwa ni yetu sisi wenyewe.

Jambo moja sifanyi nalo utani. Kama unakunywa sana kila siku usikate ghafla ukiwa peke yako kama nilivyofanya mimi, nikajifungia chumbani kwa kiburi. Arosto ya pombe, yaani mwili uliozoea pombe ukiikosa ghafla, inaua. Ndani ya siku mbili tatu za mwanzo mtu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, au kuanza kuona vitu ambavyo havipo. Anzia kwa daktari, mwambie kiasi cha kweli sio kile unachomwambia mkeo. Na mkeo naye ana sehemu yake, Al-Anon ipo tangu 1951 kwa ajili ya familia, wangu alienda kabla yangu na hakuniambia, nikajua baadaye sana.

Utasema huna muda. Ulikuwa na muda wa kukaa kaunta mpaka wanageuza viti juu ya meza, leo saa moja tu inakushinda? Utasema watakuona. Walishakuona, ndugu yangu, walikuona ukiwa umebebwa.

Dada, umesema wanakutana tena Alhamisi. Fika robo saa kabla, ukiwakuta wanapanga viti shika kimoja. Ukitoka nitumie meseji, hata kama utakuwa umekunywa.