Itazame kwanza: nilichojifunza kwa James Agee

Uhakiki wangu wa kwanza wa filamu ulirudi kutoka kwa mhariri na swali moja la wino mwekundu: "Mbona filamu yenyewe siioni?" Nilikuwa nimejaza kurasa mbili za "inavutia", "inachosha", "wameigiza vizuri". Iliniuma sana. Aliyenitoa hapo ni Mmarekani aliyefariki kabla sijazaliwa, James Agee.

Agee alihakiki filamu katika majarida ya Time na The Nation miaka ya 1940. Kwenye safu yake ya kwanza ya The Nation, Desemba 1942, alijitambulisha kuwa si mtaalamu, ni mpenzi wa filamu anayezungumza na watazamaji wenzake. Mimi nilikuwa naandika kama hakimu.

Kama unataka kuanza kuhakiki, tafuta makala yake ya 1949 katika jarida la Life kuhusu wachekeshaji wa filamu zisizo na sauti. Haishii kusema kwamba Chaplin na Keaton wanachekesha. Anakishika kicheko chenyewe na kukigawa madaraja manne, kuanzia kile cha chinichini hadi kile cha kuvunja mbavu. Tangu niisome nina zoezi langu: nazima sauti dakika kumi, naandika mikono ya waigizaji inafanya nini. Juzi nilimwona mama akikunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena. Niliporudi nyuma na kuwasha sauti, kumbe alikuwa akimwambia mwanawe kwamba hana kinyongo. Uhakiki wangu wote ulitoka kwenye ile kanga.

Jicho hilo Agee hakulitumia kwenye sinema tu. Mwaka 1936 jarida la Fortune lilimtuma Alabama pamoja na mpigapicha Walker Evans, akaishi na wakulima maskini wa pamba waliolima mashamba ya watu. Aliandika vitu vya nyumbani mwao kimoja kimoja: taa, vitanda, nguo za kazi, hata harufu ya mbao. Fortune hawakuichapisha kazi ile. Ilitoka kama kitabu mwaka 1941 na kuuza nakala mia chache tu.

Baadaye aliandika filamu pia. The African Queen, aliyoiandika na mwongozaji John Huston, kisa chake kiko kwetu Afrika Mashariki, enzi za Mjerumani, mwaka 1914.

Lakini kuna jambo la pili, na hili nalisema kwa uchungu. Baba yake alikufa kwa ajali ya gari huko Knoxville mwaka 1916, Agee akiwa na miaka sita. Msiba huo aliuandikia riwaya kwa miaka, huku kazi za kila wiki zikimla. Mei 1955 moyo ulisimama akiwa ndani ya teksi, New York, ana miaka 45. Riwaya ilikuwa haijakamilika. Wenzake waliichapisha mwaka 1957, na mwaka uliofuata ikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi Marekani.

Kama nawe una kurasa ulizozifungia kabatini, zitoe wiki hii. Zangu zimefika 62. Kila Jumamosi alfajiri, kabla sijafungua filamu ya mtu yeyote, naandika ukurasa mmoja.