Maswali na majibu: Kabla fundi hajapiga Windows

Wiki hii karibu barua zote zinahusu jambo moja: kompyuta imelemewa, fundi amesema ipigwe Windows upya, na mwenyewe anahofia faili zake. Nimechagua saba.

Laptopu yangu huchukua karibu robo saa kuwaka. Fundi anataka kupiga Windows upya. Nina alama za wanafunzi za miaka minne na maazimio ya kazi yote humo. Je, zitabaki? (Mwalimu, Kakamega)

Inategemea njia atakayotumia, Mwalimu, kwa hivyo muulize kabla hujamwachia mashine.

Windows ikiwa bado inawaka, kuna njia ya upole. Unachomeka fleshi yenye Windows, unaifungua ukiwa ndani ya Windows hiyo hiyo, unabofya setup na kuchagua kubaki na faili pamoja na programu. Mfumo unajengwa upya, lakini Word, printa na faili zako zinabaki palepale. Mafundi wengi hawaipendi kwa sababu inakula saa nzima au zaidi. Njia ya pili imo kwenye mipangilio ya Windows yenyewe: kuirejesha upya huku ukibaki na faili zako. Hapo programu zinaondoka, na Windows inakuachia orodha ya zile ilizoondoa. Soma vizuri kabla ya kubofya, maana chaguo la kuondoa kila kitu liko chini yake tu. Njia ya tatu ni ya fundi mwenye foleni ya wateja: anawasha mashine kwa fleshi, anafuta diski, anaanza upya. Hiyo haikubakishii kitu.

Lakini kuna jambo hukuniuliza. Robo saa ya kuwaka mara nyingi si ugonjwa wa Windows, ni diski inayokufa. Mwambie fundi aipime kwanza kwa CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure na inamaliza kazi kwa dakika moja. Ikionyesha onyo la manjano au jekundu, usikubali Windows ipigwe juu ya diski hiyo, kwa sababu kazi yote hiyo ya kuandika inaweza kuimaliza. Nunua SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, Windows ipigwe kwenye SSD, na diski ya zamani itolewe kama ilivyo. Ukiitia kwenye kasha la USB, unanakili alama zako kwa utulivu. Kama pesa ya SSD ipo, ningemshauri hivyo kila mtu, hata mwenye diski nzima.

Unaponakili, chukua folda nzima yenye jina lako ndani ya Users. Watu hubeba Documents peke yake, wakasahau kwamba kazi ya muhula mzima iko Desktop na Downloads. Na kama unatumia programu ya hesabu au ya kutunza alama, uliza data yake inakaa wapi. Nyingi huiweka nje kabisa ya folda yako.

Nikipiga Windows, picha zangu zitafutika? (Kisii)

Umezinakili mahali pengine? Kama hujazinakili, zihesabu zimefutika. Swali hili linarudi kila mwezi na jibu halijabadilika.

Mimi huweka kila kitu D, siyo C. Si niko salama? (Nakuru, Section 58)

Hauko salama. Kwenye laptopu nyingi C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Diski ikifa, vyote vinakwenda. Laptopu ikiibwa, mwizi habagui.

Na kuna hatari nyingine ambayo naijua kwa uchungu. Ukiwasha mashine kwa fleshi ya Windows, ukurasa wa kuchagua diski hauonyeshi herufi C wala D. Unaonyesha safu tu ya patisheni, yaani vile vyumba vya diski: diski 0 patisheni ya 1, ya 2, ya 3, ya 4, na ukubwa wa kila moja. Nilipokuwa naanza kazi hapa Nakuru, mweka hazina wa chama cha akina mama aliniletea laptopu ya diski ya GB 500 iliyogawanywa nusu kwa nusu. Mbele yangu patisheni mbili zilikuwa na GB 232 kila moja, na hazikuwa na majina. Niliamini ya juu ni C, nikaifuta ili nipige Windows upya. Kumbe ilikuwa D. Rekodi za michango ya miaka mitatu ziliondoka kwa mbofyo mmoja, na wale akina mama walilazimika kuzijenga upya kutoka kwa vitabu vya risiti na jumbe za M-PESA. Tangu siku hiyo sigusi ukurasa ule kabla kopi haijawa nje ya mashine.

Laptopu imeleta kioo cha samawati kinachodai namba 48 za BitLocker. Fundi anasema anaweza kuiondoa kwa shilingi elfu mbili. Nimpe? (Kisumu, Kondele)

Usimpe! BitLocker ni kufuli ya Windows inayofunga diski nzima. Anachoweza kuondoa ni kufuli hiyo pamoja na faili zako zote, kwa kufomati, yaani kuifuta diski. Diski ikishafungwa kwa BitLocker, faili hazisomeki bila ufunguo huo, hata ukiihamishia diski kwenye mashine nyingine.

Chukua simu, ingia kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha laptopu, utafute funguo za urejeshaji. Kioo hicho kinaonyesha kitambulisho cha ufunguo. Kilinganishe na ulicho nacho kwenye akaunti, kisha uingize namba 48 kwenye laptopu, na uziandike pia kwenye karatasi uiweke nyumbani. Kama laptopu ni ya kazi, mwulize mtu wa kompyuta ofisini.

Ukikuta akaunti yako haina ufunguo, fikiria nani aliianzisha laptopu siku ya kwanza. Mafundi na wauzaji wengi huingiza barua pepe zao ili wamalize haraka, na Windows 11 za siku hizi hufunga diski zenyewe mara tu akaunti inapoingizwa. Basi ufunguo wa faili zako unakaa kwenye akaunti ya mtu mwingine. Rudi kwake uuombe kwa adabu, hata kama mlikorofishana juu ya bei. Na wewe unayesoma haya na laptopu yako inawaka vizuri, angalia leo ni akaunti ya nani iliyomo.

Mtu wa saiba alipiga Windows bila kuniuliza. Picha za marehemu mume wangu zilikuwa humo. Nimeendelea kuitumia wiki moja. Zinaweza kupatikana? (Mama, Busia)

Pole sana, Mama. Izime sasa hivi, usiitumie tena hata kusoma jibu hili. Kila unachofungua kinaweza kuandikwa juu ya picha hizo.

Mpelekee mtu mwangalifu, na atazame kwanza kama kwenye C kuna folda iitwayo Windows.old. Kama diski haikufomatiwa, picha zinaweza kuwa humo, ndani ya Users. Folda hiyo Windows huweza kuifuta yenyewe baada ya siku 10, kwa hivyo usingoje mwisho wa mwezi. Kama haipo, diski itolewe, ichomekwe kwenye kompyuta nyingine, na itafutwe kwa programu kama PhotoRec huku picha zikihifadhiwa kwenye diski tofauti. Diski ikiwa ya kuzunguka, ya zamani, tumaini lipo. Ikiwa SSD, tumaini ni dogo mno, kwa sababu SSD husafisha nafasi iliyofutwa. Atakayekuahidi zote bila kuuliza ni diski ya aina gani, usimlipe mbele. Tazama pia simu za wanao na jamaa, kwenye WhatsApp. Picha nyingi za familia ziliwahi kutumwa kwa mtu.

Fleshi ya kupigia Windows iwe ya ukubwa gani? (Eldoret)

GB 8 kwenda juu, na iwe tupu. Itafutwa yote inapotengenezwa.

Mimi ni fundi, Nakuru mjini. Mteja akija ana haraka, hataki kungoja faili zinakiliwe, akisema hana cha maana humo. Nifanyeje?

Usiifanye kazi hiyo. Wengi wanaosema hawana cha maana hurudi baada ya siku mbili wakiulizia cheti au picha ya mtoto, na wakati huo wewe ndiwe mkosaji. Tenga muda wa kunakili ndani ya bei yako, uutaje tangu mwanzo. Ukimaliza, mwite akae kwenye kiti chako, achomeke diski ya nje kwenye kompyuta nyingine, afungue faili tatu anazochagua yeye mwenyewe. Zikifunguka zote tatu, zima laptopu yake uchomeke fleshi.