Maswali ya Wasomaji: Miche Yetu Hukauka Kabla ya Julai Kwisha

SWALI: Kamwene, Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Iringa, na ndiye waziri wa mazingira katika serikali ya wanafunzi. Tarehe 5 Juni tulipanda miche 300 nyuma ya mabweni. Watu walijaa, fulana ziligawiwa, tukanywa soda, na mgeni rasmi akapigwa picha na mche wake. Mwishoni mwa Julai nilihesabu iliyobaki hai nikapata 41. Nikiitisha kikao cha klabu wanafika watu saba, na wawili kati yao ni wenzangu wa chumbani. Nifanye nini ili wanafunzi washiriki kwa moyo, si kwa kufuata fulana?

JIBU: Kamwene, ndugu yangu. Nianze na miche, kwa kuwa hapo wenzako hawana kosa. Siku ya Mazingira Duniani imeadhimishwa tarehe 5 Juni tangu mwaka 1973, na aliyeichagua tarehe hiyo hakuwa akitazama mawingu ya Nyanda za Juu Kusini. Mvua zetu ni za msimu mmoja: huanza mwishoni mwa Novemba na hukatika kati ya Aprili na Mei, kwa hiyo anayepanda Juni anaukabidhi mche wake kwa kiangazi cha miezi mitano, kwa baridi kali ya usiku, na kwa likizo ndefu ambayo hamna hata mmoja wa kumwagilia. Pandeni Desemba au Januari, udongo ukiwa umeshiba maji. Tarehe 5 Juni ibaki kuwa siku ya ukaguzi, na idadi itakayotangazwa jukwaani iwe ya miti iliyo hai. Mgeni rasmi naye mpeni ndoo ya maji badala ya koleo. Picha itapendeza vilevile.

Kuhusu ushiriki, sidhani kama wenzako wanayadharau mazingira. Wamechoka kuitwa kuwa watazamaji wa jambo lililokwisha kuamuliwa. Anza na kinachowakera kila siku. Usiku saa nne, weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba linalovuja bwenini, kisha angalia imejaa saa ngapi. Ikijaa saa kumi alfajiri, bomba hilo moja linamwaga lita 80 kwa siku, yaani ndoo 120 kwa mwezi. Iandike hesabu hiyo kwa chaki kwenye mlango wa bafu. Mwanafunzi aliyewahi kupandisha ndoo hadi ghorofa ya tatu siku maji yalipokatika hahitaji semina ili aelewe. Akiuliza maji hayo yanamhusu nani mwingine, mweleze kwamba Ruaha Mdogo, unaopita chini ya mji wenu, huungana na Ruaha Mkuu na kuingia Bwawa la Mtera, ambalo maji yake huzungusha mitambo ya umeme pale Mtera na tena Kidatu. Bomba la bwenini na taa anayosomea vinakutana huko.

Hesabu bila mamlaka haifiki mbali, na hapa ndipo klabu nyingi hufia. Ipeleke kwa msarifu wa chuo, pamoja na ombi moja la maandishi: bili ya maji ikishuka baada ya mabomba kutengenezwa, sehemu ya fedha iliyookolewa itumike kwa jambo watakalolichagua wanafunzi wenyewe, hata kama ni taa za njia ya kwenda maktaba. Makubaliano hayo yapatikane kabla ya kampeni kuanza, kwa sababu wanafunzi wakiona bili imeshuka na fedha haijulikani ilikokwenda, hawatakusikiliza tena, nami sitawalaumu.

Wahadhiri pia msiwasahau. Mmoja akikubali kuipokea kazi ya kupima maji au umeme kama zoezi la darasa lake, umepata darasa zima la washiriki bila kumbembeleza mtu. Wa uhasibu wapige hesabu za bili, wa sayansi wapime udongo kabla hamjachagua miti. Mikaratusi, kwa mfano, hukua haraka lakini haifai karibu na chemchemi. Kuni za jikoni msizibebe ninyi. Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, hivyo deni hilo ni la uongozi; kazi yenu ni kuuliza limefikia wapi.

Jambo la mwisho ni muda wako. Uwaziri huisha baada ya mwaka, na wengi wenu mtakuwa chuoni miaka mitatu tu. Wagawieni wanafunzi wa mwaka wa kwanza miche ya Desemba kwa vyumba, mwelewane na watunza bustani kuhusu miezi ya likizo, na kila kipimo kiandikwe kwenye daftari atakalokabidhiwa waziri ajaye. Watu saba wanatosha kuanza. Wenzako wawili wa chumbani wapewe ndoo na saa usiku wa leo, na watano waliobaki wazunguke mabweni kuhesabu mabomba yanayovuja.